Lugha ya Amri na Kimya cha Raia

Mwezi wa Oktoba 2015 maneno mawili ya Kiswahili yalisomwa katika magazeti na kusikika katika redio za nchi nyingi. Wapenzi wa lugha yetu wangefurahi lau yangekuwa jina la riwaya mpya au la tamthilia iliyopata tuzo. Hayakuwa hivyo. Maneno hayo yalikuwa "Fungua Macho", nayo yalikuwa jina la kazi ya siri ambayo, kwa mujibu wa taarifa ya shirika la Privacy International la Uingereza, idara ya upelelezi wa kijeshi ya Uganda iliifanya baina ya mwaka wa 2011 na 2013. Chombo kilichotajwa ni programu iitwayo FinFisher. Programu hiyo huingizwa katika simu au kompyuta ya mtu bila ya yeye kujua, kisha huzisoma barua zake, huyasikiliza mazungumzo yake, na huweza hata kukiwasha kinasa sauti na kamera ya chombo chake mwenyewe. Taarifa ilieleza kwamba mitego ya namna hiyo ilitegwa katika hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka, na kwamba miongoni mwa waliokusudiwa walikuwamo wapinzani wa serikali na waandishi wa habari. Serikali ilikanusha.

Ndugu wasomaji, sisi si mafundi wa mitambo, wala hatuandiki haya ili tuamue kesi hiyo. Lililotukera ni jina. Katika nchi yenye lugha nyingi kama Uganda, kwa nini kazi ya kuwachungulia raia ipewe jina la Kiswahili? Swali hili limetufuata kwa miaka, kwa kuwa riziki yetu ni kufundisha lugha hiyo hiyo. Tulipozidi kulitafakari tumeona kwamba jibu lake lina mafunzo mawili: moja juu ya historia ya Kiswahili katika Uganda, na la pili juu ya namna upelelezi wa watu wote unavyoinyamazisha sauti ya raia hata pale ambapo hakuna mtu aliyekamatwa.

Yafaa kwanza msomaji apajue tunapofundisha. Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Kipo ukingoni mwa Ziwa George, ziwa lenye kina kifupi lililo karibu na mstari wa Ikweta, ambalo limeunganishwa na Ziwa Edward kwa mkondo wa Kazinga. Pande zote nyingine kijiji kimezungukwa na hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka wa 1952. Mwaloni hushushwa sato, ambao hapa huitwa ngege, pamoja na kambale na kamongo. Wasongora wanachunga ng'ombe wao, Wakonzo wanateremka kutoka milima ya Rwenzori, na wako Watoro na Wanyankole pia. Barabara ya magharibi hufika Bwera na Mpondwe, mpakani mwa Kongo, na sokoni huko Kiswahili ndicho kinachouza na kununua.

Watu wa Hamukungu wamezoea kutazamwa tangu zamani. Mtumbwi una namba yake, na mvuvi ana leseni yake. Askari wa hifadhi hutazama ng'ombe wamelala wapi. Mwezi wa Aprili 2018 simba 11 walipokutwa wamekufa karibu na kijiji hiki, ikidhaniwa kwamba walitegewa sumu, macho ya dunia nzima yaligeukia huku kwa siku kadhaa. Aidha, kila gombolola katika Uganda ina ofisa wake wa usalama, ambaye watu humwita GISO, naye ana mkubwa wake wilayani aitwaye DISO. Hao si siri. Wanajulikana kwa sura, na nyumba zao zinajulikana. Mzee mmoja wa mwaloni alituambia hivi siku moja alipokuwa akishona wavu: "Mwalimu, mwanangu, zamani anayetusikiliza tulimwona akija. Tulibadilisha mazungumzo, tukampa chai, naye akanywa. Huyu wa siku hizi hana hata kivuli."

Sasa na turejee kwenye lugha. Tunapolipokea darasa jipya huwa tunawataka wanafunzi wataje kila neno la Kiswahili wanalolijua, nasi tunayaandika ubaoni kama yanavyokuja. Mwanzo husema hawajui lolote. Wakibembelezwa kidogo, maneno huja mengi: toka, kaa chini, simama hapo, leta kitambulisho, fungua mlango, panda gari. Mwalimu yeyote wa sarufi ataona mara moja kinachoyaunganisha maneno hayo. Yote ni vitenzi vya amri, na yote yamo katika nafsi ya pili. Hakuna "naomba", hakuna "kwa nini", hakuna "tushauriane". Watoto hawa hawakuyabuni. Wameyarithi kwa wazee wao, na wazee wao waliyasikia kwa watu wenye bunduki.

Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu enzi ya Mwingereza. Idi Amin alipotoa amri mwaka wa 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, amri hiyo ilitoka katika serikali ambayo raia walikuwa wakiiogopa kwa ajili ya Idara ya Utafiti wa Serikali. Ni idara iliyokuwa na jina la kitaaluma kabisa, kana kwamba watu wake walikuwa wakiandika tasnifu, ilhali kazi yao ilikuwa kuwasaka watu na kuwapoteza. Baada ya Amin kuanguka mwaka wa 1979 ulikuja mpango wa nyumba kumi kumi, ulioigwa Tanzania, nao Waganda wakauita "mayumba kumi". Kisha katika miaka ya mwanzo ya 1980 zilikuja zile operesheni za "panda gari". Askari waliuzingira mtaa, wakawatoa watu nje na kuwapanga, na msaliti akapitishwa mbele yao huku uso wake umefunikwa. Aliyeonyeshwa kwa kidole alipandishwa lori. Yule msaliti watu walimwita "kompyuta".

Tunawaomba wasomaji walitazame jina hilo kwa makini. Wakati huo ni raia wachache mno wa Uganda waliokuwa wameiona kompyuta kwa macho. Hata hivyo walijua kwamba ni chombo kinachojua habari za watu na hakionyeshi uso. Miaka 30 baadaye mfano huo umegeuka kuwa jambo lenyewe.

Mambo yalikwenda hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na sababu yake. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua zaidi ya watu 70 jijini Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kunasa mawasiliano. Mwezi wa Aprili 2011 bei ya mafuta na chakula ilipopanda, wapinzani, Kizza Besigye akiwa mmoja wa viongozi wao, waliamua kwenda kazini kwa miguu. Nao wakapigwa mabomu ya machozi kwa kosa la kutembea. Ndipo, kwa mujibu wa taarifa tuliyoitaja, "Fungua Macho" ilipoanza. Mwaka wa 2012 likaanza zoezi la kuandikisha laini za simu, na mwaka wa 2017 kila laini ikatakiwa ioane na kitambulisho cha taifa. Baada ya Andrew Felix Kaweesi, ofisa mkuu wa polisi, kuuawa mwezi wa Machi 2017, serikali iliagiza kamera za barabarani kutoka kampuni ya Huawei ya Uchina kwa dola milioni 126 za Marekani. Mwezi wa Agosti 2019 gazeti moja la Marekani, Wall Street Journal, liliandika kwamba mafundi wa kampuni hiyo waliwasaidia maofisa wa Uganda kuingia katika mazungumzo ya simu ya Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine. Kampuni na serikali zote mbili zilikanusha. Bobi Wine alipokamatwa huko Luuka tarehe 18 Novemba 2020, ghasia zilizuka na watu 54 wakafa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Polisi wakasema kwamba kamera ziliwasaidia kuwatambua watuhumiwa.

Mtu anaweza kusema: basi, mwenye kuandamana atambuliwe, si ameamua mwenyewe kutoka? Hoja hii ndiyo tunayotaka kuijibu, kwani inachukulia kwamba upelelezi hufanya kazi yake siku ya maandamano. Sisi tunavyoona, kazi yake kubwa huwa imekwisha fanyika siku nyingi kabla. Maandamano hayaanzii barabarani. Huanza kwa mtu mmoja kumwambia mwenzake, "Hivi wewe waonaje jambo hili?" Kisha wawili huwa watano, watano huitisha kikao, na kikao huandika barua. Mtu anayeamini kwamba anasikilizwa hataliuliza hilo swali la kwanza. Hivyo barua haiandikwi, kikao hakiitishwi, na siku ya siku barabara huwa tupu. Mtazamaji atasema kwamba wananchi wameridhika.

Wala hili si dhana ya walimu wa kijijini tu. Mwezi wa Juni 2013 Edward Snowden alipofichua namna Marekani inavyonasa mawasiliano ya dunia, mtafiti Jonathon Penney alihesabu ni mara ngapi watu walifungua makala zinazohusu ugaidi katika Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti. Matokeo aliyoyatoa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba usomaji wa makala hizo ulishuka. Kusoma kamusi si kosa popote pale, na wasomaji hao hawakuwa wametishwa na mtu. Walijikanya wenyewe. Ikiwa hata msomaji wa kamusi hujizuia, mvuvi ambaye leseni yake yaweza kunyimwa mwaka ujao atafanyaje?

Darasani tumeliona jambo hilo kwa macho yetu. Tuliwahi kuandaa mdahalo juu ya hoja hii: "Wavuvi washauriwe kabla ya kanuni za uvuvi kubadilishwa." Tulidhani hoja hiyo ni nyepesi, na kwamba watoto wa wavuvi wangegombania kuitetea. Kinyume chake, karibu wote waliomba kuipinga. Tulipowauliza sababu walitazamana. Hatimaye msichana mmoja akanyosha kidole kuelekea simu yetu iliyokuwa juu ya meza, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, simu yako imezimwa?" Tuliizima, tukaipeleka chumba cha walimu. Mdahalo ukaendelea, lakini maneno yalitoka machache na kwa sauti ya chini. Mmoja wao alipohimizwa aongeze hoja alijibu kwa methali tuliyowafundisha sisi wenyewe: "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

Hapo tulielewa kwamba methali, kama kisu, huwa na makali kwa anayeishika. Wahenga walikusudia mtu apime maneno yake asije akamdhuru mwenziwe. Hawakukusudia kwamba mtoto asiitetee riziki ya babaye.

Ni lazima tuseme upande wa pili pia, kwani mwalimu anayefundisha upande mmoja hafundishi. Watu wa Kasese na Bwera hawachezi na neno usalama. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa kundi la ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu 42, wengi wao wanafunzi, na baadhi walichomwa moto katika bweni. Sisi walimu wa wilaya hii hatukulala vyema kwa muda mrefu baada ya usiku huo. Mzazi wa Mpondwe akisema kwamba anataka serikali ifungue macho, ana haki kabisa ya kusema hivyo, nasi twasema pamoja naye.

Lakini lugha yetu inatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo watawala hupenda kuyachanganya. Kiswahili kina neno kupeleleza, yaani kuifuata habari ya jambo fulani mpaka ukweli wake ujulikane. Kina pia neno kudukiza, yaani kuyasikiliza kwa siri maneno ya watu yasiyokuhusu. Mpelelezi ana jambo analolitafuta. Mdukizi hana jambo, hutega sikio tu akingoja lije. Sheria ya mwaka wa 2010 yenyewe yadai hati ya jaji kabla ya mawasiliano ya mtu kunaswa, na Katiba ya 1995, katika ibara ya 27, yalinda faragha ya raia. Huo ni upelelezi wenye mipaka. Programu inayotegwa hotelini ili imnase kila apitaye ni udukizi, hata ikipewa jina zuri kiasi gani. Tena macho yanayomtazama mpinzani hotelini hayawezi wakati huo huo kuutazama msitu anakotokea muuaji.

Lipo pia jambo ambalo watawala wenyewe lingewafaa kulipima. Serikali inayodukiza hupata maneno mengi na ukweli kidogo. Watu wakijua kwamba simu inasikia, huiambia simu wanayodhani inapenda kuyasikia. Mwenyekiti husifiwa, kanuni husifiwa, kodi husifiwa. Malalamiko huhamia mahali pasipo na simu, na huko hukua bila ya kujibiwa. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Wilaya yetu inaujua mshindo. Tarehe 27 Novemba 2016 majeshi yalipoivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, watu zaidi ya 100 walikufa siku hiyo na iliyoitangulia. Mfalme Charles Wesley Mumbere alishtakiwa, na mashtaka yakaondolewa mwaka wa 2023. Mgogoro huo una mizizi mirefu, na hatusemi kwamba ulizaliwa na upelelezi. Twasema kwamba wakati ule hawakukosekana watu wa kusikiliza kwa siri. Waliokosekana ni watu wa kusikilizana hadharani.

Na vijana je? Tarehe 23 Julai 2024 baadhi yao waliingia barabara za Kampala kupinga ufisadi, wakielekea Bunge, baada ya kuitana kwa mitandao hiyo hiyo inayochunguzwa. Makumi yao walikamatwa. Mwezi mmoja kabla, vijana wa Kenya walikuwa wamefanya vivyo hivyo juu ya mswada wa fedha. Kwa hiyo hatutaki msomaji adhani kwamba macho ya serikali huiua sauti ya raia kabisa. Huipandisha bei. Wenye ujasiri wa pekee huilipa. Wengi, ambao wana jambo dogo la haki la kusema, hushindwa kuilipa. Nchi haiendeshwi na wenye ujasiri wa pekee. Huendeshwa na wenye mambo madogo.

Je, walimu wa Kiswahili tunahusikaje? Mwaka wa 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali utekelezaji wake, pamoja na kukifundisha shuleni. Tunashangilia. Lakini yatupasa kujiuliza ni Kiswahili kipi kitakachofundishwa. Kama mtoto wa Hamukungu ataondoka kwetu akiwa na amri nyingi zaidi na ufasaha zaidi, tutakuwa tumemwongezea tu idadi ya maneno anayoweza kutii. Sisi tumeanza kuibadili mihula yetu. Hali ya amri tunaichelewesha. Tunatangulia na maswali: nani, lini, wapi, kwa nini, kwa idhini ya nani. Kisha tunafundisha hali ya kuomba na kushauri: naomba, ingefaa, tushauriane, mnaonaje. Kisha nafsi ya kwanza wingi, kwa maana raia hudai haki yake kwa "sisi" mara nyingi zaidi kuliko kwa "mimi".

Zoezi la mwisho wa mwaka ni barua rasmi. Mwaka jana tuliwapa wanafunzi jambo wanaloliishi: wamwandikie mkuu wa wilaya kuomba bomba la maji, ili watoto wasiteke maji ziwani mahali wanapopita viboko. Barua zilikuwa nzuri. Anwani zilikuwa mahali pake, hoja zilipangwa, na lugha ilikuwa ya heshima. Tulipofika chini tukaona kwamba zilizo nyingi hazikuwa na jina. Waliandika "Wako mtiifu", wakaacha nafasi tupu. Si siasa hiyo, wala si maandamano, ni maji. Hatukukata alama hata moja, kwani mtoto haadhibiwi kwa hofu aliyoikuta duniani. Tuliwasomea ibara ya 29 ya Katiba juu ya uhuru wa kusema na wa kukusanyika kwa amani. Tukawaeleza pia kwamba barua inaweza kutiwa saini na darasa zima, majina yakiandikwa kwa duara ili asijulikane nani aliyetangulia.

Wiki iliyofuata waliileta. Duara lilikuwa limepinda upande mmoja na wino ulikuwa wa rangi tatu, lakini majina yalikuwamo, na baadhi ya wazazi walikuwa wameyaongeza ya kwao. Barua ilipelekwa Kasese. Bomba halijafika bado. Tunawaomba walimu wenzetu wa Bwera, Katwe na kwingineko waliopata kufundisha barua za namna hii watuandikie humu, watueleze walivyofanya na walivyojibiwa.